Mwongozo kamili wa kuizunguka Hamburg kwa miguu siku ya Oktoba, taratibu, kuanzia asubuhi mpaka feri ya jioni

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi napata meseji zile zile, "nakuja Ujerumani wiki ijayo, nna siku moja tu Hamburg, niende wapi?" na kila mara naanza kuandika maelezo marefu upya, basi safari hii nayaweka yote sehemu moja. Huu mji nimeutembea miaka, nimeutembea na watoto, nimeutembea peke yangu siku nikiwa na mawazo, na mama yangu alipokuja kunitembelea nikamtembeza njia hii hii nnayokupa hapa. Ni kama kilomita 10 hivi ukihesabu na kuzungukazunguka, lakini tunazigawa kwa siku nzima, na mama mwenye magoti yanayomsumbua aliimaliza. Siri ni moja, usiharakishe, pumzika kabla hujachoka.

Kwanini Oktoba? Kwasababu miti ya huu mji ni mingi sana na mwezi huo yote inabadilika rangi kwa pamoja, njano, kahawia, nyekundu ile ya kutu, na majumba ya hapa ni ya matofali mekundu yanayokaribia weusi, kwahiyo majani yakidondoka kwenye maji ya mifereji yake unaona rangi zinajibizana. Watalii wa kiangazi wameshaondoka pia. Vuli ya huku usiichanganye na vuli ya kwetu ya mvua za kupandia, huku ni msimu wa majani kupukutika, ingawa mvua nayo ipo sana tu.

Kabla hujatoka nyumbani

Saa zote ntakazotaja ni za Kiswahili, saa tatu asubuhi wao wanaiandika 9:00. Katikati ya Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Afu Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa zinarudishwa nyuma lisaa limoja, na kuanzia hapo giza linaanza kabla ya saa kumi na moja jioni, hilo linawachanganya wageni wengi, kwahiyo ukija baada ya tarehe hiyo anza mapema na punguza kituo kimoja.

Viatu ndo kila kitu. Mawe ya barabara za zamani huku yakichanganyika na majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, vaa kiatu chenye soli ya kushika na kisichopitisha maji, na soksi za sufu jozi moja miguuni jozi moja kwenye begi. Hizo za kwenye begi usidharau, ukibadilisha soksi saa nane mchana unajiona kama umeanza siku upya. Juu vaa tabaka tabaka, fulana, sweta, jaketi lenye kofia la kuzuia upepo. Mwavuli uache. Upepo wa mto Elbe unaugeuza nje ndani dakika ya kwanza tu ukifika bandarini, mimi yangu mitatu ilikwisha hivyo. Mchana unaweza kuwa nyuzi 12 au 13, sio baridi ya kutisha, ila upepo ndo unaokula mifupa.

Chukua chupa ya chai kama unayo. Chukua sarafu za senti 50 na euro moja kwa ajili ya vyoo, na usitupe chupa ya plastiki ya maji, chupa nyingi zina senti 25 ndani yake, unairudisha supamaketi kwenye mashine unapata hela yako. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na tarehe 3 na tarehe 31 Oktoba ni sikukuu, kwahiyo chakula nunua jana yake.

Tiketi: nunua ya siku nzima, ile inayoanza saa tatu asubuhi ni nafuu kuliko ya kuanzia alfajiri, na ukiwa na wenzio kuna ya kundi. Hiyo hiyo tiketi inapanda treni, basi na feri, kumbuka hilo la feri maana ndo zawadi yetu ya jioni. Stesheni hazina mageti ya kukuzuia lakini wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60.

Njiani ukikutana na mtu salamu ni "Moin", asubuhi mchana jioni usiku, moja tu inatosha. Na ile njia ya pembeni mwa barabara yenye rangi tofauti ni ya baiskeli, usitembee humo, wanakuja kasi na hawapunguzi.

Saa tatu asubuhi: Dammtor na bustani

Shuka stesheni ya Dammtor, ni jengo zuri la mwaka 1903, angalia paa lake la vioo kisha tafuta duka la mikate humo ndani uulize "Franzbrötchen". Ni mkate wa siagi wa tabaka tabaka uliobonyezwa katikati, umejaa mdalasini na sukari iliyoungua kidogo ikashika kama kashata. Ni kitu cha Hamburg hasa. Omba wa moto kama upo. Mtu aliyekulia pwani akiung'ata tu anakumbuka nyumbani, mdalasini ule ni ule.

Toka nao mpaka Planten un Blomen, bustani iko hapo hapo nje. Usijaribu kuimaliza yote, nenda moja kwa moja kwenye bustani ya Kijapani, kuna bwawa, nyumba ndogo ya chai na miti yenye majani madogo yenye ncha kama vidole vya mtoto ambayo Oktoba yanakuwa mekundu kweli kweli. Kaa kwenye benchi. Nusu saa. Najua umesafiri mbali na unataka kuona vitu, lakini nusu saa hii ndo inayokuweka sawa kwa siku nzima, utasikia majani yanadondoka, yaani yana sauti kabisa. Chini utaona mbegu kubwa za kahawia zimetoka kwenye maganda ya miiba, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, watoto wa huku wanajaza mifukoni. Okota moja uitie mfukoni ila usiile, hii aina ya mabarabarani haifai kwa tumbo la mtu.

Kipande kifupi cha chuo kikuu

Ukirudi upande wa pili wa stesheni kuna jengo lenye kuba, la mwaka 1911, ndo jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg. Chuo chenyewe kilianzishwa 1919 lakini kabla yake hapo palikuwa na taasisi ya kikoloni, iliyoanzishwa 1908 kufundisha maofisa waliokuwa wanapelekwa kututawala, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa kazi hiyo. Mbele ya jengo ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani. Sanamu ililetwa kutoka Dar es Salaam baada ya Wajerumani kupoteza koloni, ikasimamishwa hapa 1922, na chini ya miguu yake alichongwa askari wetu akimtazama kwa juu. Wanafunzi wakaiangusha kwa kamba 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968 na safari hiyo haikurudi. Sasa hivi hapo utaona nyasi na baiskeli tu. Mimi huwa nasimama kidogo.

Saa nne na nusu: maji ya Alster

Tembea dakika kumi mashariki utafika kwenye maji. Hili ni ziwa la kutengenezwa kwa kuzuia mto Alster, na daraja la Lombardsbrücke linaligawa, upande mmoja dogo la mjini, upande mwingine lile kubwa. Simama darajani, geukia kusini uone minara ya makanisa na ya ikulu ya mji, yaani jengo la serikali ya mji, imejipanga, hapo piga picha zako, mwanga wa asubuhi unaanguka vizuri.

Afu vuka upande wa pili utazame kaskazini. Ng'ambo ya kulia kule mbali, kwenye miti, ni mtaa wa Uhlenhorst. Huko ndiko alikoishi Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844, akatoroka Unguja 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, wakaoana Aden akabatizwa jina la Emily. 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi akafariki, akabaki na watoto watatu wadogo kwenye mji wenye baridi hii unayoisikia sasa hivi usoni. Kila nikisimama pale na upepo ukivuma namuwaza huyu mama, ametoka kwenye joto la majumba ya baba yake Unguja, Mtoni na Bet il Sahel, hana ndugu hata mmoja wa kumwambia pole kwa Kiswahili. Kaburi lake lipo makaburi ya Ohlsdorf, ambayo ni kama msitu, karibu hekta 390, yana mabasi yanayopita ndani. Leo hatuendi, ila ukipata siku ya pili panda treni ya chini ya ardhi, U1, uende, Oktoba hakuna mahali pa majani pazuri kama pale.

Mabata maji weupe utawaona hapo majini wakijivuta taratibu. Hao wana mtumishi wao kabisa anayelipwa na mji, na ikifika Novemba anawakusanya kwa mashua kuwapeleka bwawa la Eppendorf lisiloganda mpaka baridi iishe. Kwahiyo ukija Desemba hapa huwakuti.

Ikulu ya mji, na kisima cha kukumbuka kipindupindu

Fuata maji mpaka Jungfernstieg, pita chini ya yale matao meupe, utatokea uwanja wa Rathaus, ndo ikulu ya mji, ilijengwa 1886 mpaka 1897, mnara wake mita 112. Kila mtu anapiga picha mbele anaondoka. Wewe ingia ndani uvuke mpaka ua wa katikati, kuna chemchemi yenye sanamu ya mwanamke, ni Hygieia wa afya, na amewekwa pale kwasababu ya kipindupindu cha 1892. Mwaka ule walikufa watu zaidi ya 8,000 ndani ya wiki chache. Hamburg ilikuwa tajiri lakini maji ya bomba yalikuwa yanachotwa mtoni Elbe bila kuchujwa, wakati jirani zao wa Altona, mto huo huo tena wako chini yake, walikuwa wanachuja maji yao kwa mchanga na wao vifo vikawa vichache mno. Kuna mtaa ambao upande mmoja wa barabara watu walikufa na upande wa pili wakapona, tofauti ikiwa bomba tu. Sisi tunaotoka kwenye miji inayotangaziwa kipindupindu kila masika, hiyo chemchemi ina maana kwetu kuliko mnara.

Kutoka hapo dakika tano ufike Große Reichenstraße namba 27. Ni ofisi za watu, lakini mlango wa njia ya uani siku za kazi huwa wazi. Linaitwa Afrikahaus, lilijengwa 1899 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni kuna sanamu ya shaba ya shujaa wa Kiafrika, ukipenya mpaka mwisho wa ua unakuta tembo wawili wa chuma wamesimama kila upande wa mlango. Ndo hawa kina Woermann waliokuwa na meli zilizobeba bidhaa, na wanajeshi pia, kwenda makoloni ya Kijerumani Afrika. Mama aliwashika hao tembo mkonga, akasema, "Kumbe na nyie mlisafirishwa mpaka huku."

Mnara mmoja tu

Watu wanapanda minara mitatu kwa siku wanachoka bure. Chagua mmoja. Wengi watakwambia Michel, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na ni kweli mandhari yake ni makubwa, unatazamia mita 106 juu ya bandari. Mimi nakupeleka Mtakatifu Nikolai kwasababu upo njiani. Ulikuwa mnara mrefu kuliko majengo yote duniani kuanzia 1874 mpaka 1876, mita 147, na Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani zilipoupiga huu mji kwa mabomu ya moto, mchana na usiku, wakafa watu zaidi ya 30,000, kanisa likabomoka ila mnara ukabaki umesimama. Wameuacha hivyo hivyo, mweusi, na palipokuwa kanisa ni uwazi. Lifti inapanda mita 76. Vaa kofia huko juu.

Chakula cha mchana, saa saba hivi

Shuka mpaka Deichstraße, mtaa mfupi wenye nyumba za zamani za wafanyabiashara zilizobanana mgongo kwenye mfereji. Kwenye mtaa huu ndipo moto mkubwa wa Mei 1842 ulipoanzia ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Kula supu. Kwa asiyekula nguruwe, samaki wa Finkenwerder anayesifiwa sana huku anakaangwa na vipande vya nguruwe juu, uliza mapema "ohne Speck, bitte" au chagua kingine. Ukitaka halali kabisa bila kuulizauliza, mtaa wa Steindamm nyuma ya stesheni kuu una mahoteli mengi na msikiti wa Centrum uko jirani hapo Böckmannstraße, ila ni nje ya njia yetu.

Badilisha soksi.

Saa nane: maghala ya Speicherstadt

Hapa ndo pa kutumia muda. Vuka daraja uingie Speicherstadt, mji mzima wa maghala ya matofali mekundu, ulianza kujengwa 1883 juu ya maelfu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope, na ili kupata nafasi watu kama 20,000 walihamishwa makazi yao. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Kahawa, chai, kakao, viungo, mazulia, vyote vilipandishwa humu, na nyumba za biashara za Hamburg kama O'Swald na Hansing zilikuwa na matawi Unguja zikinunua karafuu. Inua macho kwenye kila ghala, juu kabisa chini ya paa utaona kijumba cha shaba kilichogeuka kijani, ndo winchi, na milango mmoja juu ya mwingine kila ghorofa, gunia lilitoka kwenye jahazi la mfereji likavutwa moja kwa moja mpaka ghorofa yake.

Sasa tazama chini. Huu mji uko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini lakini maji yanakupwa na kujaa, zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku kama kwetu. Angalia ratiba ya maji kwenye simu asubuhi. Maji yakiwa yamepwa unaona tope jeusi linang'aa, nguzo zilizoota kijani, majani ya njano yamenata kwenye ukuta kwenye mstari ulionyooka pale maji yalipofika, na harufu inakuja ile ile ya mikoko. Nenda mpaka mwisho wa mashariki, daraja la Poggenmühlenbrücke, kile kijumba katikati ya mifereji miwili ndo picha unayoiona kwenye kadi zote. Saa kumi jioni mwanga ukiingia pembeni ndo pazuri zaidi, kwahiyo kama umechelewa usijilaumu.

Ukirudi magharibi unafika Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki wa vioo uliopandishwa juu ya ghala la zamani la kakao, chai na tumbaku, ulifunguliwa Januari 2017. Huhitaji kuingia kwenye tamasha, unapanda ngazi ndefu za umeme zilizopinda mpaka baraza la mita 37, unauzunguka mji wote. Wikendi kuna foleni.

Bandari, tunnel, feri

Fuata ukingo wa mto magharibi, ule ukuta wa kuzuia mafuriko aliousanifu Zaha Hadid una ngazi pana za kukalia, kaa tena. Mbele ni Landungsbrücken, hapo nunua Fischbrötchen, mkate mgumu kidogo wenye samaki wa heringi aliyelowekwa kwenye siki na vitunguu vibichi, kwangu mimi ni kama samaki wa achari. Geuzia mgongo ukuta unapokula, shakwe wa pale wanashuka toka nyuma wanaondoka nao, nimewaona watoto wakilia.

Jengo la kuba mwisho wa gati ndo mlango wa njia ya chini ya mto Elbe, ilifunguliwa 1911, mita 24 chini, urefu mita 426, kwa mtembea kwa miguu ni bure. Ingia kwa lifti. Ukutani kuna vigae vya kuchongwa, samaki, kaa, panya, na kiatu kilichotupwa, watafute mmoja mmoja. Ng'ambo ukitoka unaona mji wote kwa mbele, afu unarudi njia hiyo hiyo.

Robo tatu ya saa kabla jua halijazama uwe gatini, feri namba 62 ya kwenda Finkenwerder, tiketi yako ya asubuhi inatosha. Usipande mashua za watalii zinazokuita, feri inapita karibu njia hiyo hiyo. Panda juu, kaa upande wa kulia unaona mji ukikupita, kushoto unaona makreni na meli za makontena. Ukiwa na nguvu shuka Neumühlen, kuna ufukwe wa mchanga kabisa, majani ya miti ya kilimani yametapakaa juu ya mchanga, watu wamekaa na blanketi, na ukitembea kidogo unakuta jiwe kubwa la tani 217 lililoletwa na barafu toka Sweden zamani na kutolewa mtoni 1999. Mimina chai iliyobaki. Meli kubwa ikipita mawimbi yake yanafika baadaye, baada ya dakika kadhaa, wakati umeshaisahau, sogeza begi lako mbali na maji.

Feri ya kurudi inapita usiku pia, taa za bandari zote zimewaka. Ukifika nyumbani toa soli za ndani za viatu, jaza magazeti makavu humo, viweke mbali kidogo na hita sio juu yake, ngozi inapasuka, na magazeti uyabadilishe kabla ya kulala.